Mifupa ya Fuvu na Majina Yake katika Kiswahili

Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuueleza mwili wa binadamu kwa usahihi uhitajiwao na sayansi. Nia ya makala haya ni kulipima dai hilo kwa kutazama sehemu moja tu ya mwili, nayo ni fuvu la kichwa.

Fuvu la mtu mzima lina mifupa 22, bila ya kuhesabu vifupa 6 vidogo vilivyomo masikioni. Mifupa 8 huunda kasha lihifadhilo ubongo, na 14 hufanya uso. Yote imeshikamana imara, ila taya la chini peke yake, ambalo husogea tunapotafuna na kunena. Mahali inapokutana mifupa ya kasha, kingo zake zimeumana mfano wa meno ya misumeno miwili. Mipaka hiyo twaweza kuiita mishono.

Sehemu zinazofikiwa na mkono zina majina ya tangu zamani: paji la uso kwa mbele, panja kati ya jicho na sikio, kisogo kwa nyuma, kitefute chini ya jicho, na taya. Hapa mtaalamu hana haja ya kubuni. Aseme tu mfupa wa paji, mfupa wa kisogo, na kadhalika. Hata hivyo, ni lazima aeleze mipaka. Kaakaa, kwa mfano, ni kitu kimoja katika mazungumzo, lakini sehemu yake ngumu imejengwa na mifupa ya taya la juu pamoja na mingine miwili iliyo nyuma yake.

Ugumu umo katika mifupa iliyofichika, kama vile sfenoidi, ethmoidi na vomeri. Majina haya yanatisha, lakini asili yake ni vyombo vya kazi. Wagiriki walikuwa wakitaja kabari na chekeche. Warumi, kile chuma cha plau kipasuacho ardhi. Basi kwa nini tusiseme mfupa kabari, mfupa chekeche na mfupa plau? Mwanafunzi aambiwaye "mfupa kabari" hufahamu mara moja kuwa umepachikwa kati ya mifupa mingine. Na "chekeche" humkumbusha vile vitundu vipitishavyo neva za kunusia.

Jambo hili si la wanaisimu peke yao. Tulichukue neno utosi. Kwa mtoto mchanga, ni pale palipo laini juu ya kichwa, panapopwita kwa kuwa mifupa haijakutana. Utosi wa mbele kwa kawaida hufumba kabla mtoto hajatimiza miaka 2. Mtoto anayeharisha akipungukiwa na maji mwilini, utosi huweza kubonyea; na ukivimba ilhali ametulia na ameketishwa wima, huenda shinikizo limezidi ndani ya fuvu. Hali zote mbili zataka tabibu upesi.

Mama asemaye, "Utosi wa mwanangu umebonyea," amekwisha kutoa habari kamili ya kitabibu. Daktari aliyefunzwa jina la kigeni tu huenda asiitambue thamani ya habari hiyo. Kwa hiyo, hatuna budi kuyaingiza maneno haya katika vitabu vya mafunzo, ili anayeuguza na anayetibu wakutane katika lugha moja.