Fedha ya Kufungua Hoteli ya Chakula Itoke Wapi?

Huenda nawe ni miongoni mwa wale ambao, wakiisha kula wali kwa maharage karibu na kazini, hutazama umati wa watu wanaongojea sahani zao, wakapiga hesabu kichwani na kusema: "Hata mimi naweza." Pengine mkeo hupika vizuri kuliko mwenye hoteli huyo. Pengine wewe mwenyewe, mama, ndiye mpishi anayeitwa kila mtaa unapokuwa na shughuli. Linalobaki ni swali la fedha, na hapo ndipo familia nyingi za mijini hujitia mashakani kwa kuchukua mkopo usiolingana na biashara yenyewe.

Yafaa kwanza kuijua tabia ya hoteli. Vyombo hununuliwa mara moja: masufuria, meza, mabenchi, sahani na jiko la gesi. Mchele, mafuta na nyama hununuliwa alfajiri, na fedha yake hutazamiwa kurudi jioni. Lenye kuumiza ni pango, kwa kuwa wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hudai kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo. Fedha hiyo huondoka kabla sahani ya kwanza haijauzwa. (Na wapo wanaoanza kwa kubandika vigae ukutani, kana kwamba mteja huja kula vigae.)

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama anauza sahani 60 kwa siku, kila moja shilingi 2,500, akapata shilingi 150,000. Akitoa gharama za chakula, gesi, maji na ujira wa wasaidizi wawili, tuseme shilingi 115,000, anabakiwa na 35,000. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 910,000. Akitoa pango la shilingi 250,000 kwa mwezi, zabaki 660,000. Hesabu nzuri! Lakini sahani 60 haziji mwezi wa kwanza. Huenda zikawa 20, nazo huleta shilingi 50,000 tu, ilhali wasaidizi wanataka ujira ule ule. Tena baadhi ya wateja watakula kwa daftari hadi mwisho wa mwezi. Mkopo haungoji wateja wauzoee mlango wako. Marejesho mengine huanza juma linalofuata.

Kwa sababu hiyo mikopo ile ambayo wananchi wameipa jina la "kausha damu" haifai hata kidogo kwa hoteli changa. Anayekopa shilingi 1,000,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi anadaiwa shilingi 200,000 za riba pekee kila mwezi, deni lenyewe likiwa halijapungua hata senti. Tangu ilipopitishwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha hapana budi awe na leseni. Omba kuiona, na mkataba uusome nyumbani, si mlangoni pa ofisi yake.

Fedha yenye subira hupatikana karibu zaidi. Wanachama wa VICOBA hununua hisa kila wanapokutana na kukopeshana kutoka katika mfuko huo. Mtindo huu wa vikundi ulianzia Niger mwaka 1991 na sasa umeenea nchini mwetu hadi vichochoroni. Riba inayolipwa hubaki katika kikundi, na mwisho wa mzunguko hugawanywa kwa wenye hisa. Mfanyakazi mwenye mshahara anaweza kukopa katika SACCOS ya kazini kwake, ambako makato ya kila mwezi hujulikana mapema. Upatu nao hufaa kununulia vyombo, mradi uombe zamu inayolingana na siku ya kufungua.

Ipo pia mikopo ya halmashauri, isiyo na riba, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Aulizwe ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Lakini usilipe kodi ya mwaka kwa kutegemea mkopo ambao bado haujaingia mkononi.

Na msisahau mali kauli. Muuza mchele aliyekujua kwa miezi mitatu, ukimlipa kila siku bila maneno, huweza kukupa gunia ukamlipa baada ya kuuza. Huo nao ni mtaji. Hali kadhalika mafundi wa jengo jirani wanaolipia chakula cha juma zima mwanzoni mwa juma. Wao ndio wakopeshaji wako, na riba yao ni kupelekewa chakula saa sita bila kuchelewa.

Panabaki nyumba na kiinua mgongo, navyo ndivyo vinavyokimbiliwa kwanza. Kuhusu nyumba, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Basi mwenzi anayeletewa karatasi atie sahihi ana haki ya kuuliza: ni kiasi gani, marejesho yanaanza lini, na mwezi wa tatu hoteli ikiuza sahani 30 badala ya 60, fedha ya marejesho itatoka mfuko gani? Anayeomba sahihi hiyo na aje na daftari la mauzo ya miezi michache, hata kama ni mauzo ya meza moja ya barazani.