Stenti imewekwa, mshipa bado unapona

Mgonjwa aliyezibuliwa mshipa wa moyo na kuwekewa stenti mara nyingi hurudi nyumbani baada ya siku chache tu. Kifua kimetulia, alama iliyobaki ni kitundu kidogo mkononi au kwenye kinena, na familia inamshukuru Mungu. Wiki kadhaa baadaye mzee anaanza kuuliza: vidonge vya nini tena, na yeye amepona?

Hajapona. Kidonda kiko asipopaona.

Stenti ni kibomba cha wavu wa chuma. Huingizwa kikiwa kimebana juu ya puto dogo. Puto likijazwa, wavu hutanuka na kuyasukuma mafuta yaliyoziba njia. Msukumo huo huchubua utando laini wa ndani ya mshipa, ule unaoifanya damu ipite bila kuganda. Chuma hubaki wazi, na damu ikikigusa hutaka kuganda. Donge moja likiziba stenti, mshtuko wa moyo huja ghafla na huweza kuua.

Mwili nao hujitahidi kukifunika chuma kwa tishu mpya, ila wakati mwingine hupitiliza. Stenti za kwanza, zilizoanza kuwekwa kwenye mioyo ya watu huko Ufaransa mwaka 1986, zilikuwa chuma kitupu. Kwa wagonjwa wengi kovu lilinenepa na mshipa ukajibana upya ndani ya miezi michache. Ndipo zikaja stenti zilizopakwa dawa ya kupunguza kovu. Zimesaidia sana, lakini dawa hiyo hiyo huuchelewesha utando kurudi.

Hapo ndipo vidonge vinapofanya kazi: aspirini na kingine kama klopidogreli, kwa kawaida kwa miezi 6, au 12 kwa aliyepata mshtuko wa moyo. Daktari anaweza kufupisha muda huo kwa anayetokwa damu kirahisi. Mgonjwa asijipunguzie mwenyewe, hata akiwa anakwenda kung'oa jino. Fedha ya dawa ikikosekana, heri kumwambia daktari kabla kopo halijaisha.

Miaka ikipita, mafuta huweza kujijenga hata ndani ya ile tishu mpya. Kwa hiyo sigara, presha, sukari na dawa za kolesteroli bado vinamhusu. Na maumivu ya kifua yakirudi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.