Faida na Gharama za Kusoma Ng'ambo

Mzazi wa Ziwa la Ng'ombe ambaye mtoto wake amefaulu kuingia chuo kikuu cha ng'ambo hupata furaha na mashaka kwa pamoja. Nauli ni kubwa, karo ni kubwa zaidi, na jirani humwuliza, "Je, hapa petu hapana vyuo?" Vyuo vipo. Mombasa yenyewe ina Chuo Kikuu cha Ufundi, kilichopata hadhi hiyo mwaka 2013. Basi yafaa kueleza faida apatayo mwanafunzi asafiripo.

Jambo lenyewe si geni upande huu wa bara. Atokaye Ziwa la Ng'ombe kwenda kisiwani hupita Kengeleni, mahali palipoitwa hivyo kwa ajili ya kengele ya Frere Town, mji wa watumwa waliokombolewa. Kabla mji huo haujajengwa, walikuwako Waafrika waliosomeshwa Bara Hindi, huko Sharanpur karibu na Nasik. Hawakwenda kwa hiari, kwani walikuwa watoto waliookolewa katika utumwa. Lakini walirudi na elimu, ufundi na lugha za kigeni. Mmoja wao, William Jones, alifika Rabai mwaka 1864, akawekwa kuwa shemasi mwaka 1885. Mwaka huo huo alifuatana na Askofu Hannington katika safari ya Uganda, na askofu alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyeurudisha msafara pwani.

Faida ya kwanza ya ng'ambo ni kwamba mlango uliofungwa hapa huweza kufunguka kwingine. Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, alipata daraja ya tatu katika mtihani wa sekondari, na Makerere haikumpokea. Akawa karani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo ndiyo asili ya Chuo Kikuu cha Ufundi kilichotajwa hapo juu. Baadaye akapata msaada wa serikali, akaenda Huddersfield, Uingereza, kumalizia masomo aliyopungukiwa. Alipata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia, New York, mwaka 1961, na udaktari Oxford mwaka 1966. Makerere ile ile iliyomkataa ikamfanya profesa.

Faida ya pili ni kuona jinsi watu wengine wanavyoyatatua matatizo yao. Wangari Maathai alikwenda Marekani mwaka 1960, katika zile safari za wanafunzi zilizopangwa kwa juhudi za Tom Mboya. Alisoma elimu ya viumbe huko Kansas, kisha Pittsburgh, mji wa viwanda uliojaa moshi, ambako aliwaona wananchi wakidai hewa safi. Alirejea Kenya, akapata udaktari Nairobi mwaka 1971, na mwaka 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti iliyomletea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Miti ilikuwa ya Kenya. Lakini macho ya kuuona upungufu wake yalinolewa pia na safari.

Hata hivyo, gharama yake isifichwe. Mwanafunzi hukumbana na baridi, upweke na chakula asichokizoea, na wengi hulazimika kufanya kazi baada ya masomo. Hasara iliyo kubwa zaidi ni ya jamaa wanaouza kiwanja kwa ajili ya karo ya mwaka wa kwanza, wasiwe na kitu mwaka wa pili; mtoto hukosa shahada, na nyumbani hapana tena pa kujenga. Kwa hiyo kabla ya kuuza chochote, mzazi na ahakikishe mambo matatu: kwamba shahada ya chuo hicho inatambuliwa nchini Kenya, kwamba msaada ulioahidiwa umeandikwa, pamoja na miaka yake, na kwamba fedha za mwaka wa mwisho zimefikiriwa sawasawa na zile za mwaka wa kwanza.

Wengine huogopa kwamba mtoto akienda atapotea. Mazrui alifundisha Marekani kwa miaka mingi, lakini hakuacha kuiandikia na kuisemea Afrika, na alipofariki mwaka 2014 alirudishwa Mombasa akazikwa kwao. Wazee wa pwani walikwisha sema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.