UTUNZAJI WA GARI LA CHAMA: KAZI ZISIZOMHITAJI FUNDI

Katika vyama vya msingi vyenye gari, lori ni miongoni mwa mali za thamani kubwa walizo nazo wanachama. Limenunuliwa kwa fedha yao, nalo hutegemewa na wote wakati wa msimu. Lori hilo likilala njiani siku tatu, pamba hubaki ghalani, malipo ya wakulima huchelewa, na chama hulazimika kukodi gari la mtu binafsi. Gharama ya kukodi hutoka katika ushuru wa chama, na ushuru huo ni jasho la mkulima.

La kusikitisha ni kwamba mara nyingi gari halilali kwa ubovu mkubwa. Hulala kwa mkanda uliokatika, rejeta iliyokauka au betri iliyoota kutu vichwani, mambo ambayo yangeonekana alfajiri kama mtu angefunua boneti. Kazi zinazoelezwa hapa chini zaweza kufanywa na dereva na utingo wake kila asubuhi, kwa muda mfupi, kwa kutumia kitambaa safi, kipimo cha upepo, spana chache na daftari.

Oili ya injini

Oili huzuia vyuma visisagane, hupunguza joto na hubeba uchafu. Ipimwe kabla injini haijawashwa, gari likiwa mahali tambarare, kwa kuwa usiku kucha oili huwa imeteremka chini. Kijiti cha kupimia kichomolewe, kipanguswe, kirudishwe, kisha kichomolewe tena na kusomwa. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikipungua, iongezwe kidogo kidogo. Ikizidi nayo ina madhara, kwani huvurugwa ikatoa povu. Oili ya injini ya dizeli hugeuka nyeusi mapema kwa sababu ya masizi. Weusi peke yake si dalili ya ubovu. Lakini ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani yake, na gari hilo lisiwashwe mpaka fundi alitazame.

Maji na mkanda wa feni

Rejeta isifunguliwe kamwe injini ikiwa na moto. Maji yake yamefungiwa kwa shinikizo, hivyo huweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Kifuniko kikilegezwa, hufoka ghafla na kumbabua mtu. Maji yakipungua kila siku, ipo njia yanakopita, nayo itafutwe. Kuongeza tu kila asubuhi ni kuahirisha ubovu.

Mkanda wa feni ubonyezwe kwa kidole gumba katikati. Katika malori mengi hubonyea kiasi cha sentimita 1 hivi. Ukilegea, huteleza, injini ikachemka na betri isijae. Ukikazwa mno, huharibu beringi. Mkanda wenye nyufa ubadilishwe kabla msimu haujafunguliwa, na wa akiba ukae garini.

Hewa na dizeli

Injini huvuta hewa nyingi, na katika barabara za vumbi hewa hiyo ni msasa mtupu. Chujio la karatasi likung'utwe polepole, lisipigwe wala kuoshwa kwa petroli. Likichanika, litupwe. Kuendesha gari bila chujio ili lipate nguvu ni kuifupishia injini maisha.

Tangi lijazwe jioni badala ya asubuhi, kwa maana hewa iliyo katika tangi tupu hupoa usiku na kuacha matone ya maji. Maji hutuama chini ya chujio la dizeli. Yafunguliwe na kumwagwa kabla hayajafika kwenye pampu na nozeli, ambazo matengenezo yake ni ghali.

Betri na matairi

Betri zenye vifuniko ziongezwe maji ya betri tu, mpaka yafunike bamba zilizo ndani. Maji ya kisima yana chumvi zinazoiua betri. Asiwepo mwenye sigara wala kibatari karibu, kwani betri inapojazwa moto hutoa gesi inayolipuka. Kutu ya vichwani husafishwa kwa maji yenye magadi na brashi, vifuniko vikiwa vimefungwa, waya hasi ukiwa umetangulia kufunguliwa.

Upepo wa matairi upimwe yakiwa baridi. Magurudumu pacha ya nyuma yachunguzwe yote mawili, kwa sababu lililolegea humwachia mwenzake mzigo wote, na jiwe lililokwama kati yao hupasua yote. Nati hukazwa kwa kupishana, na baada ya kubadili gurudumu hukazwa tena gari likishakwenda kilometa 50 hadi 100.

Malori mengi siku hizi hununuliwa yakiwa yametumika Japani, na kitabu chake, kama kipo, mara nyingi ni cha Kijapani. Chama kimtake fundi anayeaminika aandike aina ya oili, kiasi cha upepo na muda wa kubadili vyujio, karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango.

Breki: mwisho wa kazi ya dereva

Dereva atazame kiasi cha mafuta ya breki, ila asiache chombo chake wazi, kwani mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani. Mafuta mapya ya aina ya DOT 3 huanza kuchemka kuanzia nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu, huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Katika miteremko mirefu kama ya Sekenke au Kitonga, breki hupata joto kali, na mafuta yakichemka pedali huzama bila kushika. Wala oili ya injini isitiwe humo hata kwa dharura, kwa maana huharibu mipira ya breki. Kwa malori ya breki za upepo, maji yatolewe katika mitungi kila jioni.

Pedali ikizama, au gari likivutia upande mmoja, kazi ya dereva imekwisha na ya fundi imeanza. Hakuna haraka ya msimu inayompa kiongozi yeyote haki ya kumwamuru dereva aondoke na gari hilo. Gunia lililochelewa hufika kesho. Mtu aliyepotea hafiki tena.

Daftari la gari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila asubuhi dereva aandike tarehe, kilometa, oili na dizeli iliyoongezwa, na kasoro aliyoiona. Katibu atie saini. Lori lililozoea kuongezwa nusu lita ya oili kwa wiki, likianza kudai lita mbili, daftari litasema mapema, na kamati itapanga matengenezo baada ya msimu badala ya katikati yake. Hali kadhalika, dizeli inayopotea bila safari itaonekana.

Oili chakavu ihifadhiwe katika debe, isimwagwe karibu na kisima. Kila mkutano wa kamati na usomewe daftari la gari kama usomewavyo daftari la fedha, kwani yote mawili yanahesabu mali ya wanachama.