Nyumba Hii Haiuzwi: Namna ya Kusoma Mabango, Vifupisho na Majina ya Njiani

Maandishi yanayomshangaza zaidi mgeni jijini Dar es Salaam hayapo kwenye mabango ya biashara. Yapo kwenye kuta za nyumba za watu, kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Mgeni hucheka, kisha hujiuliza: kwani nani aliyesema inauzwa? Nyumba zisizouzwa ni nyingi, mbona nyingine hazijitangazi?

Maandishi yale hayasemi naye. Yanasema na mnunuzi ambaye huenda keshatembezwa na tapeli mwenye hati ya kughushi, au na mteja aliyetafutwa na ndugu mmoja wa mirathi bila wenzake kujua. Maneno matatu na kopo la rangi humkinga mwenye mali hata akiwa safarini.

Hiyo ndiyo kanuni ya msingi kwetu tunaochunguza majina na maandishi ya hadharani: kila andishi lina msemaji wake, mlengwa wake na wakati wake. Msafiri hutatizika pale anapodakia mazungumzo ya watu wengine. Akishajua ni nani aliyekuwa akisema na nani, na lini, fumbo hufumbuka.

Tazama alama ya X kwenye nyumba zilizo kandokando ya barabara kuu za Tanzania. X nyekundu humwambia mwenye jengo kwamba amejenga ndani ya hifadhi ya barabara, hivyo abomoe bila kutarajia fidia. X ya kijani ina habari tofauti. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi hiyo kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na aliyekutwa na upanuzi huo hulipwa eneo lake linapotwaliwa. Abiria aliye dirishani huona herufi tu. Mwenye nyumba huona hatima ya familia yake, na hatima hiyo imo kwenye rangi.

Mabango ya makatazo nayo yana siri yake: ni ushahidi wa yale yanayotendeka. Hakuna anayeandika "Usikojoe hapa" mahali ambapo hakuna aliyewahi kukojoa. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na humo kuna bango linaloorodhesha wanyama pamoja na faini ya kumgonga kila mmoja. Abiria hulisoma wakicheka. Dereva hulisoma akipunguza mwendo, maana yeye ndiye mlengwa. Orodha ile ipo kwa sababu wanyama wamegongwa pale mara nyingi.

Vifupisho vina ugumu wa aina nyingine. Silabi nyingi za Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo vifupisho vyetu vingi havikusanyi herufi za mwanzo peke yake, bali vipande vinavyotamkika. TAMISEMI ni Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. TAKUKURU ni Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. MKURABITA ni Mpango wa Kurasimisha Rasilimali na Biashara za Wanyonge Tanzania. Asiyejua anaweza kudhani anatajiwa vijiji vitatu. Vilivyoundwa kwa Kiingereza huchanganya zaidi: kwa miaka kadhaa daladala zilikuwa chini ya SUMATRA, jina ambalo mtalii analijua kuwa ni kisiwa cha Indonesia. Tangu mwaka 2019 usafiri wa nchi kavu umekuwa chini ya LATRA.

Raha ya mambo huanza pale wananchi wanapokinyang'anya kifupisho kutoka kwa waliokiunda. VICOBA ni herufi zilizotokana na jina la Kiingereza la benki za jamii vijijini. Wanachama waliposikia vi- mwanzoni, sarufi yao iliwaambia huo ni wingi, basi chama kimoja kikawa kikoba, na neno hilo tayari lilikuwa jina la mfuko mdogo. Mzunguko wa barabara nao ulipata jina kwa njia hiyohiyo. Vibao vya Kiingereza vilimwamuru dereva ashike kushoto, KEEP LEFT. Watu wakalichukua agizo wakalifanya jina la mahali penyewe, kipilefti, na vikiwa vingi ni vipilefti. Aliyeandika kibao alitaka kutoa amri, msomaji akapokea jina. Jina limedumu kwa sababu lilikuwa na kazi.

Kazi ndiyo ufunguo wa majina ya vituo. Panda basi la mwendokasi jijini Dar es Salaam kutoka Kimara kwenda Kivukoni, utapita Urafiki, Argentina, Mwembechai, Usalama, Mapipa, Jangwani na Fire. Kwa mgeni hiyo ni orodha isiyo kichwa wala miguu. Kwa konda wa daladala wa zamani, kila jina lilijibu swali moja: abiria atapatambuaje? Urafiki ni kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China miaka ya 1960. Fire ni kituo cha zimamoto. Mtoni kwa Azizi Ali, upande wa Temeke, humtaja mkandarasi mashuhuri wa Dar es Salaam ya enzi za ukoloni. Jangwani huwashangaza wengi, kwa kuwa bonde lile hufurika mvua za masika zinapozidi. Lakini jangwa katika Kiswahili ni pia uwanda mtupu usio na mazao wala makazi, si mchanga wa Sahara peke yake. Ziko pia Kibaoni nyingi, ya Tegeta na ya Ifakara zikiwamo: kibao kilisimikwa, watu wakashukia hapo, mtaa ukaitwa hivyo. Nairobi nako namba za mabasi zimegeuka anwani, ndiyo maana zipo Githurai 44 na Githurai 45.

Jina likishaota mizizi hubaki hata kitu chenyewe kikitoweka. Darajani ya Unguja haina daraja leo. Lilikuwapo juu ya mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, ambao ulikuja kufukiwa. Kariakoo ya Dar es Salaam haina kambi, lakini jina lake ni sauti ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Nairobi ina Kariokor, iliyozaliwa na kikosi hichohicho. Maelfu ya Waafrika walibeba mizigo ya vita ile na wengi hawakurudi kwao. Anayetaja majina hayo mawili anawataja wao.

Hatari huja pale waliotoa jina wanapokufa na tetesi zinaposhika nafasi yao. Wengi husimulia kwamba Bububu ya Unguja imepewa jina na mlio wa garimoshi. Hadithi ni tamu, lakini tarehe inaikataa. Reli ile ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 20, ilhali Sayyida Salme, binti wa Sultani Sayyid Said wa Zanzibar, aliitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Jina lililitangulia garimoshi. Kwa hiyo ukisimuliwa asili ya jina lolote, uliza kwanza: kitu hicho kilikuja lini, na jina lilianza kutajwa lini?

Halmashauri zetu zinapoweka vibao vipya vya mitaa na vituo, ziandike majina ambayo abiria wanayatumia, na chini yake ziweke mstari mmoja wa historia iliyothibitishwa. Nawe msomaji, safari ijayo ukikutana na jina la kuchekesha, cheka, kisha mtafute mzee wa mtaa umuulize, uandike jibu lake, jina la aliyekujibu na tarehe. Wazee wanaozijua asili hizo wanapungua kila mwaka, na nyingi ya habari zao hazijaandikwa popote.