Fiwi la Mwitu, Mzazi wa Njahi

Msafiri atokaye Nairobi kwa njia ya Karen hupita Embulbul kabla ya kuufikia mji wa Ngong. Zamani nchi hii ya chini ya milima ilikuwa malisho na vichaka. Leo imejaa nyumba na kuta za mawe. Tena kila kichaka kikifyekwa, yafaa tujiulize ni kitu gani kilichokatwa.

Katika vichaka vya Afrika Mashariki humea fiwi la mwitu. Ni mmea utambaao, wenye majani matatu matatu, maua ya zambarau na maganda mafupi yaliyopinda. Ganda likikauka hupasuka lenyewe na kutawanya mbegu. Wakulima wa kale walichagua mimea yenye mbegu kubwa na maganda yasiyopasuka upesi, na hivyo wakapata njahi.

Heshima ya njahi ni kubwa. Wakikuyu humpikia mama aliyejifungua, na mlima wa Ol Donyo Sabuk wameuita Kilima cha Njahi. Lakini katika karne ya 20 maofisa wa kilimo walihimiza maharagwe ya kuuza, na mashamba ya njahi yakapungua.

Mbegu za fiwi la mwitu huliwa, ila zina sumu zikiwa mbichi. Sharti zilowekwe, zichemshwe, maji yamwagwe, kisha zichemshwe tena mpaka ziive. Wala mtu asizichanganye na tipitipi, zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ambazo huua.

Mwaka 2023 wataalamu, wakiwamo wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo iliyoko Nairobi, walitangaza kwamba mmea huu ulitolewa mwituni na kufanywa zao mara mbili, mbali mbali. Basi mwitu ndio ghala ya kwanza. Njahi huvumilia ukame, hurutubisha udongo, na majani yake ni chakula cha ng'ombe. Nchi ya Kajiado yahitaji mambo hayo yote matatu. Mkulima wa kesho akitaka mbegu ishindayo ugonjwa au jua kali, huenda akaihitaji ile ya porini.

Kwa hiyo, ewe mwenye kiwanja, kabla ya kufyeka ua wako mwite bibi mmoja mzee autazame. Akilitambua fiwi, uache mche mmoja, na mbegu zake uzihifadhi mahali pakavu.