Pombe Hutoka Miguuni Kwanza

Mtu aliyekunywa akikwambia yuko sawa, mara nyingi hadanganyi. Pale Kamakis, Ruiru, kando ya Eastern Bypass ambako baa na majiko ya nyama choma yamepangana mlango kwa mlango, utamwona saa saba usiku amesimama wima, anahesabu chenji bila kukosea, anamtania mhudumu kwa ulimi usiokwama. Kisha anachukua ufunguo wa gari aelekee Thika. Amejipima kwa miguu na ulimi, akajiona mzima. Kilichoharibika hakipimwi kwa miguu wala kwa ulimi.

Lipo jaribio linalokipima, nalo lilienea kutokana na kazi ya mwanasaikolojia Gordon Logan miaka ya 1980. Unakaa mbele ya skrini. Mshale ukielekea kulia unabonyeza kitufe cha kulia, ukielekea kushoto unabonyeza cha kushoto, upesi uwezavyo. Lakini mara mojamoja, kidole kikiwa kimeshaanza safari, mlio unasikika: usibonyeze! Mtu mzima ambaye hajatumia kitu huhitaji takriban robo sekunde kukatiza tendo ambalo ubongo umekwisha kuliamuru. Kazi hiyo hufanywa hasa na sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kulia, nyuma ya paji la uso, ikisaidiwa na viini vidogo vilivyo ndani zaidi.

Pombe hufika huko mapema. Huipa nguvu GABA, kemikali inayotuliza seli za neva, na kuidhoofisha glutameti inayoziamsha. Wakati huohuo dopamini hupanda, na kinachovutia huvutia maradufu. Mark Fillmore wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, amechunguza jambo hili kwa miaka mingi, na tokeo lake moja lingestahili kujulikana na kila mnywaji wa huku kwetu. Kiwango cha pombe mwilini kinapoanza kushuka, wepesi wa kutenda hurudi: vidole vinachangamka, na mwenyewe anahisi ulevi umempungua. Uwezo wa kujizuia haurudi pamoja nao. Hubaki umelegea vilevile.

Muda huo ndio ninaouogopa kuliko ule wa kupepesuka. Anayepepesuka wenzake humnyang'anya ufunguo. Huyu wa pili ana mwili unaomtii na hana wa kumkataza: anapita matatu pabaya karibu na Juja, anajibu tusi ambalo mchana angelipuuza, anachukua mkopo wa Fuliza kwenye simu ili anunue raundi nyingine, anakwenda na mtu bila kinga.

Wengi wana dawa yao ya hapo: jaba, yaani miraa au muguka. Kuanzia Githurai hadi Makongeni, muguka wa Embu unauzwa vibandani, unatafunwa kwa njugu na peremende, na usingizi unakatika kweli. Kathinoni iliyo katika majani hayo ni ndugu wa amfetamini. Lakini kuwa macho ni jambo moja na kujizuia ni jingine. Cecile Marczinski na Fillmore waliwahi kuwapa wanywaji kafeini pamoja na pombe. Wepesi wa kutenda uliimarika, uwezo wa kujizuia ukabaki chini. Sioni kwa nini kathinoni ifanye muujiza ulioishinda kafeini. Tena mwaka 2011 Lorenza Colzato na wenzake, Uholanzi, waliwapima watafunaji wa miraa kwa jaribio la namna ileile ya kukatiza tendo. Kubonyeza walibonyeza upesi sawa na wasiotafuna. Kusimama ndiko kulikowachelewesha. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba miraa ndiyo iliyowafanya hivyo, maana huenda wengine walikuwa hivyo kabla ya kuanza. Bangi nayo imepimwa: mwaka 2003 kundi la Harriet de Wit, Chicago, liliwapa watu THC, kiini cha bangi, na muda wa kusimama ukarefuka hali kasi ya kubonyeza haikubadilika.

Ni dawa tofauti kabisa, na zote zinahusishwa na udhaifu uleule wa kujizuia. Sehemu ya mbele ya ubongo inayofanya kazi hiyo, isitoshe, huendelea kukomaa hadi mtu akaribie miaka 25. Sasa tazama waliojaa kati ya Ruiru na Thika: wanafunzi wa vyuo vikuu vya JKUAT pale Juja, Mount Kenya na Zetech, vijana wa miaka 19 na 20. Sheria inawaruhusu kunywa wakifika 18. Inaniuma kuona duka la pombe kali linafunguliwa mkabala na hosteli, na sisi watu wazima tukilipita kana kwamba ni duka la mkate.

Kwa sababu hiyo naitetea sheria ya vileo ya 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho, ambayo wanywaji hupenda kuilaani. Iliagiza baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi, na zote zifungwe saa tano usiku. Maana yake ni kwamba uamuzi wa kuacha unafanywa na mtu asiye na glasi mkononi. Mnywaji naye anaweza kujitungia sheria kama hiyo saa kumi na mbili jioni, gari likiwa bado nyumbani.

Na apige hesabu ya kesho yake. Bia ya nusu lita ina gramu 16 hivi za alkoholi, au zaidi, na ini huondoa kama gramu 8 kwa saa. Kila chupa ni saa mbili. Aliyeanza saa mbili usiku Jumapili, akafikisha chupa sita, saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatatu bado amebeba takriban chupa moja mwilini. Supu, kahawa na maji ya baridi haviliharakishi ini. Ameamka, ameoga, miguu iko imara, na foleni ya kwenda Nairobi imeshaanza. Siku hiyo apande matatu, alcoblow, kile kipima-pombe cha polisi, iwepo barabarani isiwepo.